Ngazi ya Ipole

Mti mmoja wa ngazi hii niliuchonga mimi,
wa pili aliuchonga Melkiori,
na vipandio kumi na kimoja tulivipigilia pamoja
uani kwake, siku ya mvua ya kwanza,
tukibishana juu ya toharani.
Kipandio cha nne kimekaa upande.
Hapo ndipo aliponiuliza,
"Basi mama yako sasa hivi yuko wapi?"
nami nikajipiga nyundo kidoleni.

Hatukuitengeneza kwa ajili ya Mungu.
Ilikuwa ya kutundikia mizinga,
huko porini ambako nyuki humuuma Mkatoliki na Mmoraviani
kwa ukali uleule.

Kisha ikaja kamati. Barua yenye mihuri mitatu.
Mchungaji, padre, na yule mwinjilisti kijana wa Pentekoste,
viti vya plastiki, soda zimepangwa,
Umoja wa Wakristo, Kata ya Ipole.
Wakachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina
(hazina ya nini, sikuambiwa).
Kikao cha pili walikuja wanne.
Cha tatu alikuja katibu,
akakaa kidogo, akafunga daftari.

Januari upepo ukang'oa mabati ya kigango chao.
Saba. Moja tulilikuta limelala kwenye tumbaku ya watu.
Melkiori hakuniomba kitu. Alipita tu kuchukua ngazi,
na ngazi ambayo nusu yake ni yako
haiondoki uani ukabaki umekaa.
Nikawa juu ya paa la Wakatoliki, misumari mdomoni,
wazee wa kanisa langu wakipita na baiskeli,
wakishuka, wakiinua macho,
wakilitambua shati.

Jumapili nikaitwa ofisini.
Nikasema, "Niliifuata ngazi yangu."
Kimya.
Mzee Msonzo akacheka hadi akakohoa,
na wiki iliyofuata akaleta kilo mbili za misumari ya bati,
akaziacha mlangoni kwangu bila salamu.

Kalunde wangu alifariki katikati ya Kwaresima.
Kwetu, alfajiri ya Pasaka twenda makaburini
jua halijatoka. Twasimama kati ya wafu wetu, twaimba,
kama watu stesheni ya Tabora
waliosikia honi ya treni na hawajaiona.
Mwaka ule sauti haikunitoka.
Nikaona chemli inakuja
kutoka upande ambao si wetu.
Alikuwa amekesha kwao usiku kucha,
matone ya nta yamegandia mkono wa shati.
Nyimbo zetu hazijui Melkiori.
Anachokijua ni besi peke yake,
maana ndiyo niliyokuwa nikiivuma juu ya miti,
naye chini, ameshika ngazi,
miaka ishirini akiisikia bila sauti nyingine.
Akaiimba hiyo. Aliiimba vibaya,
akiwa amesimama mahali pangu.

Meza bado ni mbili, simdanganyi mtu.
Kila Jumapili twatembea pamoja hadi mashine ya kusaga,
hapo yeye kushoto, mimi kulia,
na kila Jumapili hapo pananiuma.
Sijui kama patapona nikiwa hai.
Yeye husema patapona. Lakini ni yeye yule
aliyesema asali ya mwaka jana itafika ndoo arobaini.

Juzi wamekuja vijana, kamati mpya,
kalamu mkononi, wananiuliza waanzie wapi.
Nikawaonyesha ngazi ukutani.
Wakatikisa kichwa, wakaandika. Walidhani ni mfano.
Nikasema hapana, ibebeni.
Tanki la yule mwinjilisti linavuja juu,
na magoti yangu yamestaafu.
Mmoja apande.
Chini ashike yule asiyesali naye.
Na kipandio cha nne mkikanyage pembeni.